Wa Kumgeuza Hapiti

Mke wangu alikuwa fundi wa magodoro. Mimi pia ni fundi wa magodoro, lakini mtu akifika bandani kwetu akauliza fundi yuko wapi, alikuwa anamuulizia yeye. Mimi nilikuwa wa chini.

Nieleze hilo la chini. Godoro la pamba linashonwa na watu wawili. Linalazwa juu ya fremu ya mbao. Mmoja anasimama juu na sindano ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, mwingine analala chini, chali. Wa juu anachoma. Wa chini anaipokea ncha, anakaza uzi, anairudisha. Hamwonani. Mnasikilizana kwa mvuto wa uzi tu. Ukivuta sana pamba inakuwa jiwe. Ukilegeza, haupiti muda godoro lina mabonde. Nimelala chini ya magodoro karibu maisha yangu yote, na yeye yuko juu anaongea. Mimi nikifungua mdomo pamba inaingia. Basi nikazoea kunyamaza.

Kazi alifundishwa na baba yake, maana kaka zake waliikimbia kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwa mpakuzi wa marobota ya pamba. Siku moja nilipeleka robota kwao, akaniangalia ninavyolishusha, akasema, "Huyu anajua kushika pembe." Maneno ya uchumba yalikuwa hayo. Tulifunga ndoa kanisani. Tulizaa mtoto mmoja, wa kike, akafariki kabla hajatembea, na mwingine hatukujaliwa. Wanawake wa mtaani kwetu wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye walimwita Mama Sindano, na aliitika.

Hakuwa mpole. Kwenye mazishi walimsifu mpaka nikadhani tunazika mtu mwingine. Ulimi wake ulichoma. Mtu akileta godoro lililooza kwa kuanikwa vibaya, alimfokea kama ameua. Kanisani alikaa nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alianza kukohoa. Lakini mkono wake haukuwa mzito. Akiona mtu ana shida hakuuliza mara mbili.

Ila kwa Hapiti, moyo wake ulikuwa mgumu.

Hapiti alikuwa mlinzi wa ghala la pamba. Jina lake la nyumbani hatukulitumia. Alisimama getini na rungu, mikono ameitandaza, anasema, "Hapiti mtu." Hata mwenye kibali alisubirishwa kwanza, ili ajue geti lina mwenyewe. Sisi tulikwenda pale kuchukua pamba ya kufagia, ile inayobaki sakafuni, na wakati wa kutoka alitupekua. Mimi alinipapasa mifuko, basi. Mke wangu alimwambia afungue kilemba, mbele ya wapakuzi wote. Alisema wanawake wanaficha pamba kichwani. Mke wangu akakifungua, akakikung'uta, akakifunga tena. Tangu siku hiyo alimtaja Hapiti kwenye maombi yake. Nilisikia alivyokuwa anamtaja, na kama Mungu angemjibu, Hapiti asingefika mwaka.

Kisha Hapiti akaanguka. Alikuwa anamfukuza mwizi, akapanda ukuta wa ghala, akadondoka na mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakubaki na kitu. Ukimfinya paja alikuuliza utamfinya lini. Hospitali walikaa naye, wakachoka, wakamrudisha. Watu wa ghalani wakamleta na gari la mizigo, wakamshusha chumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakaondoka. Mke hakuwa naye. Alikuwa na mpwa wake, binti wa dada yake, kibarua wa kiwanda cha sabuni, anayetoka mapema na kurudi jua limezama. Asubuhi alimwachia mjomba wake chai na mkate juu ya stuli. Siku yake ilikuwa hiyo stuli na dari.

Kanisa halikumsahau. Nasema kweli, halikumsahau. Kila Jumapili baada ya ibada lilikwenda kundi la watu, mbele yao mzee wa kanisa. Waliimba wimbo mlangoni, mzee wa kanisa aliomba na leso imeziba pua, wakaacha sabuni na sukari. Hapiti aliwaambia, "Ingieni basi, leo nawaruhusu." Walicheka. Hawakuingia. Chumba kilikuwa kidogo, na kilikuwa na harufu.

Baadaye wakaona analala juu ya magunia, wakakubaliana kumpa godoro. Kanisa lilete kitambaa na pamba, sisi tutoe mikono. Mke wangu hakuwa na furaha, lakini kazi ni kazi. Alilishona lile godoro kama la bibi harusi. Pamba tuliichambua kwa vidole, mbegu hata moja hakuna. Kitambaa kilikuwa cha mistari ya buluu. Nikiwa chini niliusikia uzi unakuja sawasawa, mshono baada ya mshono, nikajua moyo wake umelainika kidogo, au ameamua asionekane ameharibu kwa chuki.

Lilipokwisha akalivika nailoni. Alilishonea kote, juu na chini, pembe zimekazwa. Godoro la pamba lina adui mmoja, mkojo, na mtu asiyejisikia kiunoni atalilowesha usiku na mchana. Fundi yeyote wa magodoro angefanya vile. Alimwagiza yule mpwa, "Hii nailoni isitoke. Ukiitoa, godoro hili halimalizi mvua." Binti akashukuru. Kanisa likaimba. Hapiti akawekwa juu ya godoro jipya linalong'aa, na watu wote tulirudi nyumbani tukiwa wema.

Godoro jipya la pamba lina desturi yake. Likishalaliwa, pamba inatulia, inakimbilia pembeni. Fundi mwenye kujiheshimu hulirudia akalipiga fimbo, akalinyoosha. Ndiyo maana mke wangu alikwenda. Hakwenda kumwona Hapiti. Alikwenda kuliona godoro.

Nilikuwa bandani nikichapa pamba aliporudi. Alikaa juu ya robota, kilemba kimelegea, mikono ameishika mbali na nguo zake. Nilidhani amekatwa na kitu. Nikamuuliza nini. Hakujibu mpaka nilipoweka fimbo chini.

"Ngozi imebaki kwenye nailoni," alisema.

Akanieleza. Alimsukuma Hapiti kidogo ili apige lile godoro upande mmoja, na mgongo ukagoma kutoka. Jasho na mkojo vilikuwa vimekaa kati yake na nailoni miezi yote ile, havina pa kwenda. Alipomvuta, ngozi ya makalio ilibanduka. Palikuwa na shimo. Na Hapiti hakupiga kelele, maana hakusikia. Alimuuliza tu, "Vipi, godoro zima?" Lilikuwa zima. Lilikuwa kavu kabisa ndani, pamba nyeupe kama siku tuliyoishona.

"Nililihurumia godoro, mzee," aliniambia. "Nilikaa nikafikiri vizuri, nikalihurumia godoro."

Nikamletea maji ya kunawa. Alinawa, akajifunga kilemba, akachukua mkasi mkubwa wa kazi. Kisha akasema, "Twende ukanishikie. Peke yangu simwezi."

Mtu mzima asiyejisaidia ni mzito kuliko robota. Robota lina kamba. Lakini tulikuwa na ujuzi mmoja. Godoro kubwa huligeuzi kwa kulinyanyua, utavunja kiuno. Unashika pembe zako, mwenzako za kwake, mnalivuta kwanza kuelekea kwa mmoja, halafu ndiyo mnalilaza kwa upande wa pili. Mke wangu akamtandikia Hapiti shuka chini ya mgongo, tukashika pembe nne za shuka, akasema, "Haya." Neno lake la kazini lilikuwa hilo. Tukamvuta, tukamlaza ubavu. Hapiti alishika ukuta kwa mikono yake yenye nguvu na kutazama rangi.

"Mama Sindano," alisema, "unatafuta nini huko nyuma?"

"Leo mimi ndiye ninayekagua."

"Umekuta pamba?"

"Nyamaza. Nimekuta uvundo wako."

Alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kama shimo ni kubwa. Mke wangu akamwambia, kubwa. Hakumdanganya. Akaichana nailoni yote kwa mkasi na kuitupa nje. Kesho yake akalifumua lile godoro. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, akaikata vipande vitatu ili cha katikati kitolewe, kifuliwe, kirudishwe, na kidonda kisiguse kitu. Nilishika uzi akifumua. Aliufumua bila kusita.

Muuguzi wa zahanati alimwambia maji ya chumvi yaliyochemshwa, vitambaa safi, na kumgeuza kila baada ya saa chache, mchana kutwa. Hapo ndipo maisha yetu yalipobadilika. Tulifunga banda, tukaenda, tukamgeuza, tukarudi, tukafungua. Wateja walikuta mlango umefungwa wakaenda kwingine. Sikupenda. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Kanisa zima linamwabudu Mungu. Mungu hafuliwi shuka. Huyu anafuliwa." Na mambo yakaishia hapo.

Siku moja mchungaji alitaka asimame mbele atoe ushuhuda. Alikataa. Mchungaji akasisitiza, basi akasimama pale pale nyuma, mkono kwenye mlango. Alisema hana ushuhuda, ana ombi. Miguu yake imeanza kuvimba, na mume wake mzee, anaomba apatikane mtu mmoja wa kumpokea pembe za shuka, hata mara moja kwa siku. Kanisa zima likasema amina.

Hakuja mtu.

Kidonda kilianza kuziba. Hilo nililiona kwa macho yangu. Kwanza ukingo ukawa mwekundu mzuri, halafu shimo likapanda kutoka chini, pole pole. Mke wangu alikuwa analitazama kama anavyotazama mshono. Hapiti alimtukana kila siku, naye alimrudishia. Alimwambia ana mikono ya mchinjaji. Yeye alimwambia hata mchinjaji huchagua nyama. Sijawahi kumsikia akiombea watu kwa sauti pale chumbani, ila mara moja tu, alipomaliza kumfunga kitambaa, alimwekea mkono kwenye bega akasema, "Bwana, huyu hapiti mtu kwake. Wewe pita." Hapiti hakufanya mzaha siku hiyo.

Miguu ilizidi kuvimba. Akipanda ngazi mbili alisimama kutafuta pumzi. Zahanati wakasema ni moyo, asinyanyue vitu. Alisema hanyanyui, anavuta. Nikamwambia tupumzike juma moja. Akaniuliza, na Hapiti atapumzikia wapi?

Mke wangu alikufa mchana, hospitali kubwa, kwenye benchi la kusubiri. Mimi nilikuwa dirishani nikifuatilia karatasi yake. Niliporudi nilimkuta ameegemea bega la mwanamke mwingine, mgonjwa kama yeye, mgeni tusiyemjua. Yule mwanamke alinifanyia ishara kwa kidole mdomoni, ninyamaze, mama amelala. Bega lake lilikuwa limekufa ganzi, hakutaka kumwamsha. Nikakaa upande wa pili. Nilishika mkono wa mke wangu, nikajua. Sikumwambia yule mwanamke mara moja. Tulikaa hivyo watatu.

Msiba ulikuwa mkubwa. Sikujua ana watu wengi vile. Walifunga turubai mbele ya nyumba, viti vikatoka kanisani, kwaya ikaimba asubuhi na jioni. Mdogo wake alikuja kutoka mbali, shemeji yangu, mama wa watoto wanne, sura ile ile ya dada yake isipokuwa meno. Alishika jiko, alishika wageni, alinishika na mimi. Niliambiwa nisifanye kitu. Nilikaa nilipowekwa. Watu walikuja, walinishika mkono, walilia. Nilisikia shemeji akiwaambia wanawake jikoni kwamba dada yake hakufa kwa moyo. Amemalizwa na yule mlemavu. Amembeba mpaka amekufa.

Tulimzika. Baada ya mazishi watu waliendelea kuja kukaa nami, na kwaya ikaimba. Katikati ya watu hao akaja yule mpwa wa Hapiti, na nguo za kiwandani. Alinipa pole, akabaki amesimama. Nikamuuliza mjomba anaendeleaje.

Alitazama chini. "Hajageuzwa, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mama."

Akasema yeye hamwezi, amejaribu. Akasema na kitu kingine. Hajamwambia. Mjomba wake anamuuliza kila siku Mama Sindano yuko wapi, naye anamjibu ana mafua.

Niliinuka. Wazee walinishika, wakaniambia mfiwa hatoki, kama kuna haja atatumwa mtu. Niliwauliza nani. Mzee wa kanisa alisema tungoje kwanza tumalize wimbo. Nikatoka. Shemeji alinifuata barabarani akiniita, ana mwiko mkononi, watu wanatazama. Aliniuliza kama nimerukwa na akili. Siku hizi hizi, dada yake udongo haujakauka, nakwenda kwa mtu aliyemuua? Sikusimama.

Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Hapiti alikuwa chali, vile vile tulivyomwacha asubuhi ile tuliyokwenda hospitali. Uso ulikuwa umeingia ndani. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Fundi. Mwenzako yuko wapi?"

Nilisimama. Sikuwa nimelitamka lile neno kwa mdomo wangu mpaka wakati huo, kwa mtu yeyote. Wengine ndio walioniambia mimi.

"Amefariki."

Kutoka kwetu kwaya ilisikika vizuri. Aliisikiliza. Nilimwona anapiga hesabu ya nyimbo zote alizozisikia.

"Hizo za kwake?"

"Za kwake."

"Mimi nilidhani kuna semina." Alilamba midomo. "Fundi, nimemtukana. Siku zote hizi nimelala hapa namtukana. Nilisema amenisusa, amepata wazuri zaidi. Nilimtukana kwa matusi ya getini. Kumbe namtukana marehemu."

Alifunika uso kwa mkono. Nilishika shuka upande wangu, nikavuta. Alisogea kidogo, akarudi. Nikavuta tena. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Kwa mtu aliyezoea uzi kuvutwa na mwenzake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza nilipojua kweli kwamba amekwenda. Siyo hospitali, siyo kaburini. Pale, na pembe mbili za shuka mkononi.

Shemeji alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. Mwiko bado alikuwa nao.

"Shika huko," nilimwambia.

Hakusogea. Alimtazama Hapiti kwa muda, na Hapiti akamtazama, na nadhani aliona ile sura, maana aligeuza kichwa ukutani. Shemeji aliweka mwiko juu ya stuli. Akakaza kanga kiunoni, akaingia.

"Nimeshika. Sasa?"

"Vuta kwako kwanza. Halafu nitalaza."

"Sema lini."

Lile neno lilikuwa la marehemu. Nililisema. "Haya."

Tulimlaza ubavu, na kitambaa cha nyuma kikatoka chenyewe. Kilichokuwa kinaziba kilikuwa kimefunguka chote, na kando yake kulikuwa na vingine viwili. Ndani ya kile kikubwa kulikuwa na kitu cheupe. Shemeji alisema, "Yesu," kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita aliye karibu. Alishikilia bega la Hapiti ili asirudi.

"Dada alikuwa anaona hivi kila siku?"

"Kilikuwa kidogo. Kilikuwa kinapona. Hivi ni vya siku hizi."

Akafikiri. "Siku tulizokuwa tunaimba."

"Ndiyo."

Tukachemsha maji ya chumvi. Alifanya kazi ile akiwa ameuma meno, machozi yanamtiririka, bila kujifuta maana mikono ilikuwa michafu. Katikati ya kazi akamwambia Hapiti, "Mimi sikupendi. Nataka ulijue hilo."

"Dada yako naye alianza hivyo hivyo," Hapiti alisema, uso ukutani.

Muuguzi alikuja kutazama. Nje ya mlango alituambia kidonda kimefika mfupani, sumu imeingia kwenye damu, na hospitali watamlaza tu wodini bila mtu wa kumgeuza. Tumtunze asafike, basi. Niliuliza kama siku zile tungemgeuza ingekuwaje. Muuguzi ni msichana mwema. Alisema haisaidii kuuliza.

Shemeji alikuwa na safari yake ya kurudi. Aliisogeza. Akaisogeza tena. Mume wake alipiga simu, nikamsikia akimwambia kuna kazi ya dada haijaisha. Tuligawana kazi kama nilivyogawana na marehemu, ila shemeji alikuwa na nguvu na alivuta mno, ikabidi nimfundishe kusikia uzito wa upande wangu. Alijifunza. Jumapili moja lile kundi la kanisa lilikuja na wimbo wao, na mzee wa kanisa na leso yake. Shemeji aliwangoja wamalize aya ya kwanza.

"Mzee, ombi fupi," alisema, "halafu uje ushike miguu."

Watu walitazamana. Mzee wa kanisa aliingia. Alishika miguu ya Hapiti, macho amefumba. Tulipomaliza alitoka, akatapika kando ya ukuta, akaenda nyumbani bila kuaga. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Ile ya baadaye alikuja peke yake, bila kundi, akauliza ashike wapi. Alikuja tena mara mbili. Sina neno baya juu yake.

Hapiti alizidi kuishiwa. Homa ilimpanda, akawa anaweweseka kwamba yuko getini, anawazuia watu, anadai vibali. Akili ikimrudia aliomba tumweleze Mama Sindano alikufaje. Nilimweleza lile benchi, na yule mwanamke na bega lake. Alitaka kusikia hilo la bega mara nyingi. Mara ya mwisho aliuliza, "Hakumjua?"

"Hakumjua."

"Na hakusogea."

"Hakusogea."

Kisha akasema kama mke wangu ndiye angekuwa ameegemewa, asingesogea pia, ila angemtukana. Nikacheka. Tangu msiba nilikuwa sijacheka.

Aliomba tumwombee. Shemeji akanitazama mimi, mimi nikamtazama shemeji. Sijui kuomba mbele za watu. Nilimwekea mkono begani, nikasema yale yale ya marehemu, "Bwana, pita," na nikashindwa kuendelea. Hapiti akasema inatosha.

Alikufa asubuhi, baada ya kumgeuza upande wa kulia, tukiwa bado tumeshika shuka. Shemeji alikuwa anamkaripia kwamba leo amejilegeza, asaidie kidogo na mikono. Kisha akaacha kukaripia.

Mpwa alikuwa kiwandani. Tulimtuma mtu wa jirani amwite. Sisi tukachemsha maji, mara hii bila chumvi. Tulimvua shati, tukamwosha uso, kifua, mikono, ile mikono mikubwa ya getini. Ikabidi tumgeuze mgongo. Nikashika pembe zangu. Shemeji akashika za kwake. Hatukusema haya. Nilianza kuvuta, kwa haraka kidogo, maana nilitaka imalizike.

"Taratibu, shemeji," aliniambia. "Kidonda."

Nilimtazama. Pale mahali Hapiti hakusikia kitu tangu alipoanguka, na sasa hakusikia popote. Shemeji alijua hilo kama ninavyojua mimi.

Nikaenda taratibu.